Baraza ya Mbao ya Pamoja: Nani Aitunze, na Lini?

Baraza ya mbao ni sakafu iliyoinuliwa juu ya ardhi mbele au kando ya nyumba. Muundo wake ni mwepesi kuueleza. Nguzo husimamishwa ardhini. Juu ya nguzo hulazwa boriti kuu zipitazo urefu wote wa nyumba. Juu ya hizo hukatishwa boriti ndogo. Na juu kabisa hupigiliwa mbao za kukanyagia. Baraza za namna hii hupendwa katika makambi na nyumba za wageni zilizo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, nazo hufaa pia kwa nyumba za kuishi, kwani hewa hupita chini na watu hukaa mbali na matope. Ugumu huanza pale ambapo baraza ni moja na wakaao ni wengi.

Ichukuliwe nyumba ya mfano mjini Mikumi, yenye familia nne na baraza moja ya urefu wa mita 12 na upana wa mita 2. Wakazi wamekubaliana kwamba kila familia itatunza sehemu iliyo mbele ya mlango wake. Kanuni hii huonekana ya haki, tena ni rahisi kuikumbuka. Kila asubuhi baraza hufagiwa, na mgeni apitaye huisifu kwa usafi. Hata hivyo hakuna anayeinama kutazama chini ya sakafu, na mahali panapokutana milango miwili, karibu na ngazi, pamewekwa ndoo za maji ambazo si za mtu mmoja.

Kasoro ya kanuni hiyo ni ya kisayansi kabla ya kuwa ya kijamii. Boriti kuu haijui mipaka ya milango. Ikioza mahali pamoja, sakafu ya wote imepungukiwa nguvu, hata ya yule aliyefagia kwa bidii kuliko wenzake. Basi siku ya msiba watu 20, wenye uzito wa wastani wa kilo 60, husimama pamoja karibu na ngazi kwenye eneo la meta za mraba 4. Uzito wao ni kilo 1,200, na shinikizo juu ya sakafu ni takriban kilopaskali 3. Siku nyingine zote za mwaka baraza hiyo hiyo hubeba watu wawili au watatu tu, na kwa sababu hiyo udhaifu wake haujitokezi ila siku ambayo kuanguka kwake kutaumiza wengi.

Jinsi mbao inavyooza

Mbao haiozi kwa sababu ya uzee. Huozeshwa na kuvu, viumbe ambavyo nyuzi zao hupenya ndani ya mbao na kuyeyusha selulosi na lignini ili vipate chakula. Kuvu huhitaji vitu vinne: chakula, joto la kadiri, hewa na maji. Chakula ni mbao yenyewe. Joto la Kilosa na Mikumi huwafaa karibu mwaka mzima, na hewa haizuiliki. Kilichobaki mikononi mwa binadamu ni maji. Mbao ikiwa na maji chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hushindwa kuiozesha. Ikipita asilimia 28 au 30 na kudumu hivyo, kazi yao huendelea vizuri.

Nguzo huthibitisha jambo hili. Sehemu iliyo juu hukaushwa na jua na upepo. Sehemu iliyozama katika udongo uliojaa maji huwa na hewa haba. Lakini pale nguzo inapotoka ardhini, maji na hewa hukutana, na mchwa nao huanzia hapo hapo. Kwa hiyo nguzo hukatika usawa wa ardhi wakati ncha zake zote mbili zingali nzima.

Katika sakafu, mahali pa hatari ni pale mbao ya kukanyagia inapolala juu ya boriti. Mvua za Novemba hadi Mei zikinyesha, uso wa juu hukauka baada ya saa chache za jua, lakini maji yaliyoingia katika kiungo hicho hukaa siku nyingi. Matundu ya misumari ni njia nyingine, na ncha za mbao zilizokatwa hunywa maji upesi zaidi kuliko ubavu wake, kwa kuwa mirija ya mti imefunguliwa. Mbao inayokaguliwa kwa kutazamwa juu tu, basi, hutazamwa mahali panapooza mwisho.

Hasara yake huweza kukokotolewa. Nguvu ya boriti kuhimili kupindwa hufuata mraba wa kina chake. Boriti ya kina cha milimita 150 ikiliwa milimita 25, kina kilichosalia ni milimita 125, na nguvu iliyosalia ni 125² gawanya kwa 150², yaani asilimia 69. Sehemu moja ya sita ya boriti imepotea, lakini nguvu imepungua kwa karibu theluthi moja. Tena hesabu hii inadhani kwamba mbao iliyobaki ni nzima, jambo ambalo si hakika, kwani kuvu huweza kuipunguzia mbao sehemu kubwa ya nguvu zake kabla uzito haujapungua hata kwa asilimia 10.

Mninga, mkongo na mvule hustahimili kuvu na mchwa, lakini sifa hiyo ni ya kiini cha mti. Mbao nyeupe ya pembeni huoza hata ikiwa ya mninga, na fundi auzaye mbao ya pembeni kwa bei ya kiini anapaswa kuulizwa. Mbao za misindano, kama zile za msitu wa kupandwa wa Sao Hill, huoza upesi zisipotiwa dawa, ila hunywa dawa vizuri zikitiwa kwa shinikizo. Wapo wanaopaka oili chafu ya magari. Oili hiyo hubaki juu juu, hufanya sakafu iteleze, hurahisisha kuwaka, na ina sumu. Haifai mahali ambapo watoto hutambaa.

Sheria isemavyo

Kwa nyumba ya kupangisha, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 humtaka mpangishaji aliyekodisha sehemu tu ya jengo kutunza paa, kuta kuu na sehemu za pamoja, zikiwamo njia za kupitia. Boriti na nguzo za baraza ya pamoja, kwa fikira ya kawaida, zimo humo. Mahali ambapo kila familia inamiliki sehemu yake ya jengo, ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, ambayo huzifanya sehemu za pamoja kuwa mali ya wamiliki wote kwa kadiri ya hisa zao, na huwapa chama chenye kanuni zake.

Sheria haisemi nani ainame chini ya sakafu, wala mwezi gani. Hilo ni la wakazi wenyewe, na yafaa lifuate njia ya maji. Kufagia, kufuta maji na kutoweka ndoo juu ya viungo ni kazi ya kila familia, kwa zamu. Boriti, nguzo na ngazi ni za wote au za mwenye nyumba, wala zisigawanywe kwa milango. Ukaguzi ufanywe mara mbili: mwezi Juni, mvua zikiisha, ili kuvu iliyokua masika igunduliwe, na mwezi Septemba, mbao zikiwa kavu, ili matengenezo yamalizike kabla ya Novemba. Mkaguzi huchoma kila kiungo kwa bisibisi. Ikizama bila kazi, pameoza. Matokeo yaandikwe katika daftari.

Gharama huleta ugomvi zaidi. Ikiwa matengenezo ni Sh. 480,000, na nyumba nne za wamiliki zina ukubwa wa meta za mraba 20, 20, 30 na 50, mgawo kwa ukubwa ni Sh. 80,000, 80,000, 120,000 na 200,000. Mgawo sawa ungekuwa Sh. 120,000 kwa kila mmoja. Wa nyumba kubwa atadai kwamba hakanyagi baraza kuliko wenzake, na hoja yake si ya kubezwa. Mgawo wowote uliokubaliwa boriti zingali nzima ni afadhali kuliko mgawo bora unaotafutwa baada ya mtu kuvunjika mguu.

Kanuni moja zaidi husahauliwa mara nyingi: lazima awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kufunga baraza kwa kamba mara hatari ionekanapo, bila kungoja mkutano. Wakazi wa Kilosa wanajua thamani ya siku moja. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulivunja tuta lililokinga mji. Maelfu ya watu walihama makazi yao, na Reli ya Kati ikakatika. Tuta la udongo na baraza ya mbao havifanani, ila vyote ni vya wote, na vyote huliwa polepole mahali pasipotazamwa.

Jaribio

Wanafunzi wakate kipande cha mbao kutoka ubao uliokaa kwenye mvua, na kingine kutoka ubao uliokaa ndani. Kila kipande kipimwe uzito, kikaushwe katika tanuri ya maabara kwa nyuzi 103 za Sentigredi, na kupimwa tena hadi uzito usipungue. Tofauti ya uzito igawanywe kwa uzito mkavu, kisha izidishwe kwa 100. Kipande cha gramu 64 kilichokauka hadi gramu 50 kilikuwa na maji ya asilimia 28. Jaribio lirudiwe mwezi Januari na mwezi Agosti, kwa vipande vilivyotolewa juu ya ubao na vilivyotolewa kwenye kiungo, na majibu yachorwe katika grafu moja.