Miguu kufa ganzi: ni mkao au ni maradhi?

Wapo wanaohisi miguu ikichomachoma kama sindano, au kama sisimizi wanatambaa nyayoni, na haraka husema wamekanyaga kitu kibaya. Tutazame kwanza.

Ukikaa tahiyatu ndefu au ukikunja miguu darsani ikafa ganzi, kisha ukaisha baada ya dakika chache, usihofu. Mshipa wa fahamu ulibanwa tu.

Ama ganzi inayorudi kila siku, iliyoanzia vidoleni kwa miguu yote miwili ikawa inapanda taratibu na kuzidi usiku, hiyo si ya mkao. Mara nyingi ni kisukari, na mtu huweza kuishi nacho miaka bila kujua. Kapime sukari asubuhi kabla ya kula. Ikifika 7.0 au zaidi, kipimo hurudiwa siku nyingine ili kuthibitisha. Zipo na sababu nyingine: upungufu wa vitamini B12, ukoma, VVU, au dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ambayo vitamini B6 huzuia madhara yake hayo. Usiache dawa kwa uamuzi wako, mweleze tabibu.

Linalonitia hofu zaidi ni siku kuchoma kunapokoma. Mgonjwa hushukuru kuwa amepona, kumbe mguu hauhisi tena. Mzee mmoja alinijia kwa kikohozi. Alipovua kiatu tukaona msumari umepenya soli, kidonda kinanuka, naye hana habari!

Hapa udhu ni msaada mkubwa. Unapopitisha kidole baina ya vidole vya miguu, kama tulivyofundishwa madrasa, tazama pia: kuna jeraha, lengelenge, ufa kisiginoni? Unyayo usiouona, mwambie mkeo, mumeo au mwanao akutazamie. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, kamwe si kwa mguu. Kausha baina ya vidole. Ukitoka msikitini kung'uta viatu kabla ya kuvaa, na usipite peku kwenye sakafu iliyopigwa na jua la adhuhuri.

Lakini ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, au miguu ikaishiwa nguvu, au mtu akashindwa kuzuia haja, asingoje kuchuliwa mafuta. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.