Kwa nini masharti ya maski na chanjo yanabadilika?
Somo la kusoma pamoja katika mkutano wa kooperative



Katika mikutano yetu ya Kalemie swali moja linarudi kila mara: «Jana walisema tuvae maski, leo si lazima. Walisema sindano moja, kisha mbili, kisha ya kuongeza. Tumwamini nani sasa?» Ni swali la haki. Tulijibu pamoja.

1. Sharti linafuata hali

Mkulima anajua jambo hili. Mbegu ya muhogo tuliyoshauriwa kupanda zamani, mozaiki ilipoishambulia, tuliambiwa tuiache, tuchukue nyingine. Aliyetushauri mwanzo hakutudanganya. Hali ya shambani ndiyo iliyobadilika.

Korona nayo ni vile vile. Mwanzoni mwa 2020, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema maski ni hasa kwa wagonjwa na wanaowahudumia. Tarehe 5 Juni 2020 likashauri hata watu wazima wavae maski ya kitambaa penye msongamano, pale ugonjwa ulipoenea. Kinshasa ilikuwa imeshalazimisha maski tangu 20 Aprili.

Wenzetu wanaovuka ziwa kwenda Kigoma waliona tofauti kubwa zaidi. Huku Kongo maski ilikuwa lazima, ng'ambo serikali haikulazimisha. Halafu tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya watu. Ziwa ni moja, ugonjwa ni mmoja, lakini masharti yalikuwa mawili, tena yakabadilika.

Tarehe 5 Mei 2023 OMS ilitangaza mwisho wa dharura. Kilichoisha ni dharura. Ugonjwa wenyewe ungali upo.

2. Kwa nini dozi ya kuongeza (rapeli)?

Kinga hupungua na wakati, na kirusi nacho hubadilika sura. Lakini si wote wenye hatari sawa. Machi 2023 OMS ilishauri rapeli, baada ya miezi 6 au 12, kwa wazee, wenye sukari au ugonjwa wa moyo, wenye kinga dhaifu, mama wajawazito na waganga. Kwa mtu mzima mwenye afya, dozi za mwanzo na rapeli moja zilitosha.

3. Mfano wa kwetu: kipindupindu

Chanjo ya kipindupindu ni dozi mbili. Oktoba 2022, kwa sababu dozi zilikuwa chache duniani, iliamuliwa kutoa moja tu pale ugonjwa unapolipuka. Siyo kwamba ya pili haina kazi. Moja inalinda kwa muda mfupi zaidi, lakini watu wengi wanaipata. Ni kama mbegu ikiwa kidogo: kila nyumba inapewa kopo moja, kuliko nusu ya kijiji kukosa kabisa.

4. Tufanye nini?

- Sharti likibadilika, tuulize: kilichobadilika ni ugonjwa, ni ujuzi, au ni dawa zimepunguka?
- Tuchague mtu mmoja wa kumwuliza muuguzi mkuu wa kituo cha afya kabla ya mkutano. Habari ya simu bila jina la aliyeitoa tusiifanye sheria.
- Tuchunge karata ya chanjo kama tunavyochunga karata ya kooperative. Bila karata, muuguzi hajui ulichopata.
- Wazee na wagonjwa wa kudumu tuwasindikize wa kwanza.
- Mambo mengine hayabadiliki: mwenye homa na kikohozi abaki nyumbani, na akilazimika kutoka avae maski, tukutane nje, chini ya mwembe, tunawe na sabuni, maji ya ziwa tuyachemshe au tuyatie klore kabla ya kunywa.

Mazungumzo ya kikundi

Ni nani kati yetu, au katika nyumba zetu, anahitaji rapeli? Karata yake iko wapi? Nani ataenda kituoni wiki hii?

Tusivunjike mkutano kabla ya kuandika majina.