Monita Mbili na Diski za Nje Kwenye Kompyuta Ndogo: Angalia Haya Kabla Hujatoa Hela

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee zile kompyuta ndogo za mezani, kama Mac mini, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini. Hazili nafasi, na zilizotumika zinapatikana kwa bei nzuri. Mimi nafanyia kazi monita mbili: moja ina meseji za wateja, nyingine ina orodha ya oda na stoku. Nikiandika anwani ya mteja naiona meseji yake palepale, siruki ruki kati ya kurasa. Mzigo kwenda kwa mtu asiye wake ni hasara ya nauli mara mbili.

1. Usihesabu poti tu, uliza inabeba monita ngapi.
Mac mini ya M1 ya mwaka 2020 ina poti mbili za Thunderbolt na moja ya HDMI, lakini inabeba monita mbili tu: moja kwenye Thunderbolt, nyingine kwenye HDMI. Ile ya M4 ya 2024 inabeba tatu, ila haina zile poti bapa za USB za zamani, kwa hiyo weka bajeti ya adapta.

2. Kebo ina upande.
Kompyuta ndogo nyingi za ofisini zina DisplayPort, na monita za bei nafuu zina HDMI au VGA. Kebo ya kawaida ya DisplayPort kwenda HDMI inapeleka picha upande mmoja tu: DisplayPort ikae kwenye kompyuta, HDMI kwenye monita. Ukigeuza, giza. Na si kila poti ya USB-C inatoa picha, kwa hiyo mwambie muuzaji akuwashie uone.

3. Spilita ya HDMI haikupi monita ya pili.
Inarudia picha ileile kwenye monita zote mbili. Kinachotakiwa ni kila monita kuwa na poti yake. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua Extend.

4. Diski inakula umeme.
Diski ndogo ya nje inapata umeme kwenye poti yenyewe. USB 2.0 inatoa miliampea 500, USB 3.0 inatoa 900. Ukichomeka diski mbili kwenye habu isiyo na adapta yake ya umeme, zinagawana hicho kidogo. Utasikia zinagonga au zinapotea zenyewe. Nunua habu yenye adapta, au chomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta. Tafuta poti ya bluu au yenye alama ya SS, ndiyo ya kasi.

5. Fomati.
FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hivyo video ndefu ya bidhaa itagoma. Kama unatumia Windows na Mac, exFAT inafaa kote. Kumbuka kufomati kunafuta kila kitu, hamisha mafaili kwanza.

6. Nakala mbili, sehemu mbili.
Hili naomba ulishike kuliko yote. Diski mbili zikiwa zimechomekwa muda wote, umeme ukiruka au kirusi kikiingia zinaweza kwenda zote pamoja. Mimi ya pili naichomeka Jumamosi, nanakili picha za bidhaa, risiti na orodha ya wateja, naitoa, inalala sehemu nyingine. Kabla ya kuchomoa, itoe kwanza kwenye mfumo. Na kwa kuwa kompyuta hizi hazina betri, UPS ndogo inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi umeme ukikatika.

Ukikosa hela ya vyote, anza na diski ya pili. Monita inaweza kusubiri. Picha na kumbukumbu za biashara zikipotea, huzipati dukani.

Wewe kompyuta yako ina poti zipi? Andika hapo chini tusaidiane, na mshirikishe mwenzako anayejipanga kununua.