Ukiachia Kitufe, Moto Unazimika: Somo Fupi la Hita ya Gesi

Wengi wetu wa uhandisi tunaijua themokapo kwenye karatasi ya mtihani tu. Metali mbili tofauti zimeunganishwa, ncha moja iko kwenye joto, nyingine kwenye baridi, umeme kidogo unapatikana. Unachora, unapata maksi zako, UE ikiisha na yenyewe imeisha. Mwaka jana nilikaa Marekani muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na huko nikaikuta mahali ambapo kutoielewa kunaweza kuua watu: ndani ya hita ya maji ya gesi, kwenye chumba cha chini cha nyumba tuliyopanga wanafunzi wanne. Ilikuwa Januari, nje theluji, bombani maji kama ya friji, na pailoti ya hita haikubali kabisa kubaki imewaka.

Naandika kwa ajili ya watakaofuata njia hiyo, na pia kwa walio hapahapa, maana kifaa hichohicho kipo kwenye oveni nyingi za majiko ya gesi ya nyumbani.

Kazi ya themokapo

Pailoti ni mwali mdogo unaowaka muda wote chini ya tangi. Maji yakipoa, gesi inafunguliwa kwenda kwenye kichomeo kikubwa, na pailoti ndiyo inayoiwasha. Sasa jiulize: pailoti ikizimika usiku na gesi ikaendelea kutoka, itakuwaje? Ndiyo maana kuna ncha ya themokapo pembeni yake, inayolambwa na mwali ule. Joto linazalisha umeme mdogo sana, na umeme huo unashikilia sumaku ndani ya vali ya gesi. Mwali ukiwepo, sumaku inashika na gesi inapita. Mwali ukifa, ncha inapoa, na ndani ya dakika moja hivi sumaku inaachia, vali inajifunga.

Jambo lenyewe aliligundua Thomas Johann Seebeck mwaka 1821, alipoona sindano ya dira ikicheza karibu na metali mbili zilizounganishwa na kupashwa joto upande mmoja. Yeye alidhani ni usumaku unaotokana na joto. Hans Christian Ørsted ndiye aliyeeleza kwamba ni mkondo wa umeme. Kwenye hita ya aina hii hakuna umeme wa ukutani wala betri. Mwali wenyewe ndio unaotoa ushahidi kwamba upo.

Kwa hiyo unapowasha, unabonyeza kitufe na kukishikilia kwa sababu kidole chako kinafanya kazi ya sumaku mpaka ncha ipate joto. Kwa kawaida dakika moja inatosha.

Inazimika wakati gani?

Kabla ya kugusa chochote, nusa, na usisahau karibu na sakafu. Kama kuna harufu ya gesi, usiwashe kiberiti, usiguse swichi ya taa. Toka nje kwanza, ndipo upige simu. Kama hakuna harufu, funga gesi, subiri angalau dakika 5 ili iliyobaki itawanyike, kisha washa kwa kufuata maelekezo yaliyobandikwa kwenye hita yenyewe. Halafu angalia vizuri inazimika wakati gani, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Kwanza, inazimika palepale unapoachia kitufe. Tazama mwali. Kama ni wa bluu, una nguvu, na unafunika ncha ya themokapo kama sentimita 1 hivi, basi mshukiwa ni themokapo. Huenda ncha imesogea au ina masizi, huenda nati yake kwenye vali imelegea, au imechoka tu. Ukiwa na testa, fungua nati hiyo, shikilia kitufe huku pailoti ikiwaka, upime: themokapo nzima hutoa kama milivolti 25 hadi 30. Ya kwetu ilitoa 4. Ikiwa kipimo ni kizuri na bado inazimika, tatizo limehamia kwenye vali, na vali haifunguliwi na mwanafunzi.

Pili, mwali ni mdogo, wa njano, unayumbayumba. Hapo tundu la pailoti limeziba, au hewa haitoshi. Hita nyingi za Marekani za kuanzia 2003 zina wavu chini unaozuia moto usitoke nje na kulipua mvuke wa petroli uliomo chumbani. Wavu huo unakusanya vumbi na nyuzi za nguo, hasa hita ikikaa jirani na mashine ya kufulia. Brashi laini inatosha.

Tatu, inakaa saa nyingi halafu inazimika, hasa siku za upepo. Hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu huenda bomba la moshi linarudisha hewa chafu ndani. Kichomeo kikubwa kikiwa kimewaka dakika chache, sogeza kijiti cha udi karibu na mdomo wa bomba juu ya tangi. Moshi ukivutwa juu, sawa. Ukirudi chumbani, zima hita na ufungue madirisha, baridi au si baridi. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi.

Gundi ya karatasi

Mwenye nyumba alisema fundi atakuja baada ya siku nne. Mshkaji mmoja akapendekeza tukibonyeze kitufe, tukifunge kwa gundi ya karatasi, tuoge. Na kweli, pailoti ingewaka. Lakini ukifanya hivyo umeondoa shahidi. Upepo ukizima mwali saa nane usiku, gesi ya pailoti itaendelea kutoka bila kitu cha kuizuia, na nyie mmelala. Nilikataa, tukachemsha maji kwenye sufuria. Nilimpigia tena mwenye nyumba nikamsomea kile kipimo cha testa. Fundi alikuja kesho yake na themokapo mpya mkononi, kipuri cha dola 10 hadi 20, na kazi haikuchukua hata saa moja.

Kwa walio geto hapa nyumbani: oveni ya gesi inayozimika ukiachia kitufe inakuambia hilohilo. Safisha ncha, angalia kama mwali unaigusa, ikishindikana badilisha kipuri. Tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatulia sakafuni, mahali tunapotandika magodoro. Fundi akikuambia kwamba kile kiwaya kinasumbua bure, bora akitoe, mlipe nauli yake aende, utafute fundi mwingine.