Ruta kwa Laptopu ya Nyumbani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kununua

Kila mara matokeo ya KCSE yanapotangazwa, familia nyingi huanza kutafuta intaneti ya nyumbani. Maombi ya vyuo kupitia KUCCPS hufanywa mtandaoni, mkopo wa HELB huombwa mtandaoni, na huduma nyingi za serikali sasa ziko kwenye eCitizen. Laptopu imeshapatikana, pengine imetumwa na mjomba aliye Nairobi au Minneapolis. Kinachobaki ni ruta, na hapo ndipo pesa ya mbuzi huweza kupotea bure, kwa sababu mnunuzi huhesabu antena badala ya kuuliza intaneti itatoka wapi.

Ruta haizalishi intaneti. Hugawa ile iliyokwisha kufika nyumbani. Ruta yenye matundu ya waya pekee hungoja kuletewa intaneti na waya wa faiba au kifaa kingine. Faiba ya taifa, NOFBI, imefika Wajir mjini, lakini huo ni waya mkuu. Kufika kwake mjini si kufika katika kila boma. Mkazi wa Tarbaj, Griftu au Khorof Harar akinunua ruta ya waya pekee, taa zitawaka, laptopu itaonyesha kwamba imeshika waifai, na hakuna ukurasa hata mmoja utakaofunguka. Huyo anahitaji ruta yenye tundu la laini ya simu, inayopokea 4G. Anayetumia Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, hupewa ruta pamoja na dishi lake, hivyo kwa kawaida hana haja ya kununua nyingine.

Kabla ya kulipa chochote, jaribio lifanywe kwa simu. Laini itiwe kwenye simu ya 4G, mtu asimame pale ruta itakapowekwa, afungue tovuti anayoihitaji asubuhi, kisha tena saa mbili usiku wakati watu wengi wako mtandaoni. Baadaye ajaribu laini ya kampuni nyingine. Jirani kusifu laini yake si ushahidi, maana ukuta mmoja au kona moja ya nyumba hubadilisha mambo. Simu ikionyesha herufi E peke yake kila mahali, ruta ya bei ghali haitaleta miujiza. Mlingoti ukiwa mbali lakini mawimbi yanafika kwa unyonge, ni afadhali ruta yenye matundu ya kufungia antena ya nje, ili antena ipandishwe juu ya paa.

Jaribio hilo huweza pia kuonyesha kwamba ruta haihitajiki kabisa. Kwa laptopu moja inayotumiwa saa moja au mbili kwa siku, hotspoti ya simu inatosha. Ruta huwa na maana pale simu inapoondoka asubuhi na mwenyewe kwenda sokoni huku mwanafunzi akibaki na kazi yake, au pale watumiaji wanapokuwa watatu, wanne.

Ruta za laini nazo zina mitego. Zile zinazouzwa na kampuni za simu mara nyingi hufungwa zikubali laini ya kampuni hiyo tu. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huenda zikakosa masafa ya megahezi 800, ambayo hutumika Kenya kwa 4G, na chaja yake ikiwa imeandikwa volti 120 pekee, umeme wetu wa volti 240 utaiunguza. Muuzaji aulizwe pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Kenya.

Laptopu yenyewe ikaguliwe. Waifai ya nyumbani husafiri zaidi kwa masafa mawili: gigahezi 2.4, yanayofika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, na gigahezi 5, yenye kasi zaidi lakini huchoka upesi. Laptopu nyingi za zamani husikia 2.4 pekee. Kulipia zaidi ruta ya kisasa kabisa kwa ajili ya laptopu kama hiyo ni kununua spidi isiyotumika. Ruta yenye masafa yote mawili inatosha nyumba nyingi, na katika nyumba ya kuta nene za mawe, 2.4 ndiyo itakayofanya kazi kubwa.

Mabati huzuia mawimbi kuliko mawe. Ruta iliyofichwa ndani ya sanduku la chuma, au chumba cha mabati matupu kisicho na dirisha, hupokea kidogo na kutoa kidogo. Iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea mlingoti, lakini jua lisiipige. Ruta nyingi za nyumbani zimeundwa kwa joto lisilozidi nyuzi 40, na mchana wa Februari au Machi hapa huukaribia mpaka huo. Kile kitambaa cha kufuma kinachopamba runinga kisiifunike. Matundu yake ndiyo pua yake, na vumbi lipanguswe kila wiki.

Kuhusu umeme, ruta nyingi hutumia volti 12. Yenye chaja ya ampea 1 haizidi wati 12, hivyo kwa saa 10 hula wati-saa 120. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 240, na ile ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu. Hesabu inatosha siku moja ya masomo. Hata hivyo betri inapochajiwa volti hupanda kupita 14, kwa hiyo fundi aweke kidhibiti cha volti katikati.

Bando huliwa zaidi na laptopu kuliko watu wanavyodhani. Windows ikiona waifai hudhani intaneti ni ya bure, na huweza kupakua masasisho makubwa usiku kucha. Katika mipangilio ya waifai, muunganisho huo uwekwe kuwa wa kipimo, maarufu kama «metered», na mengi ya masasisho hayo yatangoja.

Siku ya kwanza, nywila mbili zibadilishwe: ya waifai na ya kuingilia ruta yenyewe, ambayo mara nyingi huandikwa nyuma ya kifaa ambapo kila mgeni anaweza kuisoma. Ulinzi uchaguliwe WPA2 au WPA3.

Dukani, ruta iwashwe kwa laini ya mnunuzi mwenyewe, laptopu iunganishwe, na ukurasa ufunguke mbele ya muuzaji. Risiti iandikwe siku ambazo kifaa kinaweza kurudishwa kikikataa kufanya kazi nyumbani.