Sikiliza Kinachorudiwa: Vidokezo 6 vya Kusoma Simulizi za Kiebrania

Wasimulizi wa Mwanzo, Waamuzi na Samweli hawakuwa na herufi nzito wala alama ya mshangao. Mkazo waliutia ndani ya maneno yenyewe, na mwingi wake unasikika hata katika Biblia ya Kiswahili, mradi ujue pa kutega sikio.

1. Hesabu neno linalorudi. Katika Mwanzo 4, kati ya aya ya 2 na ya 11, neno "ndugu" linatajwa mara 7. Msimulizi hatoi hotuba juu ya ubaya wa Kaini. Anatukumbusha tu, tena na tena, Habili alikuwa nani kwake.

2. Linganisha masimulizi mawili ya tukio moja. Hapa ndipo penye utamu wenyewe. Mwanzo 39 inasema Yusufu, alipotongozwa na mke wa Potifa, alikimbia akaacha vazi lake mkononi mwa mama huyo. Mama huyo anapowasimulia watu wa nyumbani, katika Kiebrania vazi liliachwa kando yake. Mkono umetoweka! Kwao Yusufu ni mtu Mwebrania aliyeletwa "kutudhihaki", na kwa "sisi" hiyo anawavutia wote upande wake. Mumewe akirudi, Yusufu amekuwa mtumwa, tena mtumwa "uliyetuletea" wewe, bwana. Lawama imeshahamia kwa mume. Hakuna mahali msimulizi anapomwita mama huyu mwongo, na wala hahitaji.

3. Jina likiitwa mara mbili mfululizo, simama. Ndivyo Ibrahimu anavyoitwa kisu kikiwa mkononi, Musa mbele ya kijiti kinachowaka, Samweli usiku kule Shilo.

4. Usiruke maelezo ya mwili. Ni machache mno, kwa hiyo kila moja lina kazi. Ehudi ni mtu wa shoto, ndiyo maana upanga ameuficha kwenye paja la kulia. Mfalme Egloni wa Moabu ni mnene sana, na Ehudi anapomchoma, mafuta yake yanaufunika upanga mpini na yote.

5. Sikia kitenzi kilichorudufiwa. Kiebrania huweka maumbo mawili ya kitenzi kimoja bega kwa bega, kama sisi tusemavyo "kufa utakufa". Onyo la Mwanzo 2:17 limejengwa hivyo, na katika sura ya 3 nyoka analichukua umbo lilelile na kulikanusha. Watafsiri wengi huweka "hakika", kwa hiyo ukilikuta neno hilo, lirudie kwa muundo wetu wa "kufa utakufa" usikie uzito wake.

6. Angalia mtu anaitwaje, na nani anamwita. Katika 2 Samweli 18, vita vikiwa bado na baada ya kwisha, Daudi anamwulizia na kumwombea "kijana Absalomu". Ni namna ya mfalme kumtaja mwasi mbele ya askari wake. Habari ya kifo ikifika, "kijana" halisikiki tena kinywani mwake. Linakuja "mwanangu", mara 5 katika kilio cha kwanza na mara 3 nyingine mwanzoni mwa sura ya 19. Kisha Yoabu, jemadari wake, anaingia kumkemea. Anawataja wana na binti za mfalme waliookolewa siku hiyo, lakini Absalomu, kwa Yoabu, ni Absalomu tu.