Kocha Mpya, Moyo kwa Yule wa Zamani

Somo: Yoshua 1:10-18

Wengi wetu ni wa Man U, kwa hivyo mtanielewa haraka. Wa Arsenal mtuvumilie.

Mwaka wa 2013 Alex Ferguson alistaafu baada ya zaidi ya miaka 26, kombe la ligi likiwa mkononi. Pale Old Trafford akawaambia mashabiki kazi yao sasa ni kusimama na kocha mpya. David Moyes akapewa mkataba wa miaka 6, akafutwa Aprili 2014. Wachezaji wengi walikuwa wale wale wa ubingwa, lakini timu ilimaliza nafasi ya 7. Sisemi Moyes hakukosea. Nasema mtu anaweza kuvaa jezi na kuja mazoezini mapema, na moyo ubaki kwa aliyeondoka.

Wareubeni, Wagadi na nusu ya Manase walikuwa wameahidiana na Musa, si Yoshua. Mashamba walikuwa wameshapewa ng'ambo hii ya Yordani. Wangebaki nani angewalaumu? Walimkubali Yoshua, wakavuka na silaha zao mbele ya ndugu zao.

Mimi sikuvuka. Mchungaji wetu alipohamishwa niliendelea kuja Jumapili, sadaka natoa, lakini maombi ya Jumatano nikaacha. Kila mahubiri ya huyu mpya nilipima na ya yule. Niliita hiyo uaminifu. Siku moja nikampigia yule wa zamani nimlalamikie. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ndugu yangu, na Jumatano ulikuwa wapi?"

Nilitafuta jibu, sikupata.